Nyumba Yenye Magurudumu

Likizo ya Desemba, mimi na mwalimu mwenzangu tulikodi gari aina ya Noah, tukalaza viti vya nyuma na kutandika godoro. Mtungi mdogo wa gesi, sufuria mbili na dumu la maji vilikamilisha nyumba yetu. Tulielekea Milima ya Usambara.

Pale Mombo, kwenye mashamba ya mkonge, joto lilitutoa jasho. Kutoka hapo hadi Lushoto ni kilomita zipatazo 33 tu, lakini barabara hupinda kama nyoka: upande huu jabali, upande ule korongo. Soni tulisimama kutazama maporomoko ya maji. Tulipofika Lushoto, karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, tulivaa masweta. Ni mara ngapi nimeandika ubaoni kwamba joto hupungua kadiri tunavyopanda mlima! Siku ile nililisoma somo hilo kwa ngozi yangu.

Usiku mvua kubwa ilinyesha. Asubuhi tuliona maji mekundu yakitiririka kutoka shamba moja lisilo na matuta. Shamba la jirani lilikuwa na matuta na majani ya tembo kingoni. Udongo wake ulibaki. Mama aliyekuwa akipalilia hapo alitwambia kuwa udongo ukishashuka Mombo, haupandi tena.

Mtahiniwa, ukiulizwa njia za kuzuia mmomonyoko wa udongo, usikariri hoja tu. Nyuma ya kila hoja kuna shamba la mtu na chakula cha wanawe.