Vijana wa Marekani katika Nchi ya Ghana

Tarehe 30 Agosti, 1961, ndege ilitua Accra, nao vijana wa Kimarekani wapatao hamsini wakashuka. Mbele ya wakubwa waliokuja kuwalaki walisimama wakaimba kwa Kitwi. Hao walikuwa wa kwanza wa Peace Corps, idara iliyoanzishwa na Rais Kennedy mwaka ule ule. Rais Nkrumah hakuwa rafiki mwepesi wa Marekani, lakini walimu walikuwa haba, akawakubali wafundishe miaka miwili katika shule za sekondari.

Kufundisha hesabu si taabu kwa aliyehitimu. Taabu ni mkono wa kushoto. Katika Ghana kumpa mtu kitu kwa mkono huo ni kumdharau, na mtu wa shoto hana budi kujifunza upya kama mtoto. Tena kuna fufu, yaani muhogo na ndizi mbichi zilizochemshwa, zikapondwa kinuni hata zikanata. Mla ugali hudhani anajua la kufanya, akatafuna. Kumbe fufu humezwa.

Kwa Waakan mgeni hupewa maji kwanza, ndipo huulizwa habari za safari. Amwagaye shida zake mlangoni huonekana hakulelewa vema. Kisha huulizwa alizaliwa siku gani, maana jina hutoka humo: wa Jumatano ni Kwaku akiwa mwanamume, Akua akiwa mwanamke. Wageni wengi huijua tarehe tu, siku hawaijui. Basi mgeni huyo itampasa amwandikie mama yake barua.