Chini ya Mlima Lengai

Tulitoka Arusha baada ya Sala ya Alfajiri, wazazi na watoto katika gari moja. Tulipoiacha Mto wa Mbu na kushika njia ya kaskazini, ukuta wa Bonde la Ufa ulitufuata mkono wa kushoto mpaka Engaruka. Huko tuliteremka kutazama magofu. Waliotutangulia katika ardhi hii walichepua maji ya vijito vitokavyo ukingoni mwa bonde, wakayapitisha katika mifereji iliyojengwa kwa mawe, wakamwagilia mashamba yao. Kuta hazina saruji, na nyingi zingali zimesimama.

Mbele zaidi ukajitokeza Ol Doinyo Lengai, mlima ambao Wamasai huuita Mlima wa Mungu. Hakuna volkano nyingine duniani leo itoayo lava ya namna yake. Lava ya kawaida hutoka ikiwa na joto lipitalo nyuzi 1,000. Hii huwa na kama nusu yake tu, hutiririka nyeusi na nyepesi mfano wa mafuta machafu, kisha ikipata unyevu hugeuka nyeupe. Mtu akiutazama kwa mbali hudhani kilele kimefunikwa na theluji. Watoto wetu walidhani hivyo, nasi watu wazima hatukuwa mbali nao.

Mlima huu, Engaruka, kreta ya Ngorongoro, na Laetoli zilikokutwa nyayo za miaka milioni 3.6, vyote vimo katika Jiopaki ya Ngorongoro-Lengai, iliyotambuliwa na UNESCO mwaka 2018. Ilikuwa ya pili Afrika, baada ya M'Goun ya Morocco iliyotangulia mwaka 2014. Katika orodha ya 2025 dunia nzima ilikuwa na jiopaki 229. Za bara letu zilibaki hizo mbili. Kwa bara lenye miamba ya kale kiasi hiki, hesabu hiyo inatia uchungu.

Wengi hudhani cheo hicho hutolewa kwa uzuri wa mawe. Sivyo. Nchi hutanguliza barua ya kusudio, ndipo hupeleka maombi kamili yenye ramani, mipaka na mpango wa uendeshaji. Wataalamu wa jiolojia hupima iwapo miamba ina thamani ya kimataifa, kisha wakaguzi huja kutembea mahali penyewe. Nao hawaji kuona ahadi: eneo liwe limekwisha kufanya kazi kama jiopaki kwa mwaka mzima walau, lina chombo cha kulisimamia, linafundisha, na wenyeji wamo katika shughuli. Biashara ya visukuku na mawe adimu haikubaliwi kwa wasimamizi. Cheo chenyewe ni cha miaka minne. Ukaguzi ukirudi, kadi ya kijani huongeza minne mingine, ya njano hutoa miwili ya kujirekebisha, nyekundu huliondoa eneo katika orodha.

Tulimweleza hayo kijana aliyetuongoza magofuni. Alisikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Wazee wangu, wageni wengi hupita hapa na vioo vimefungwa, wakiuwahi mlima. Sisi tumo katika karatasi gani?"

Swali hilo lilitukalia kooni, kwani sisi wenyewe tulikaribia kupita. Jiopaki haiwahamishi watu wala haina sheria yake yenyewe ya ardhi. Hutegemea sheria za nchi. Lakini mahali ambapo mwenyeji hauzi hata kikombe cha chai kwa mgeni, maombi yaliyoandikwa vizuri yatasomeka vipi mbele ya mkaguzi?

Tuliswali Adhuhuri na Alasiri kwa pamoja chini ya mgunga. Binti yetu mdogo alikuwa ameficha jiwe jeupe mfukoni. Tulimrudisha nalo mpaka pale alipoliokota. Kijana akaomba kalamu, akaandika kiganjani: miaka minne, wenyeji, kadi ya njano.