Kabla Mbegu Haijachaguliwa

Dzaleka, Dowa

Mwanangu Neema,

Nimefurahi kusikia kwamba msimu huu chuo chenu cha Bunda kitawapeleka vijijini kwenye majaribio ya mbegu. Ninalokuomba ni hili: mkulima ashirikishwe mbegu ikiwa bado haijachaguliwa. Akiitwa siku ya maonyesho, kazi imekwisha, naye atabaki kupiga makofi.

Huko Lilongwe, kwenye kituo cha utafiti cha Chitedze, waulize wakongwe habari za mahindi ya MH17 na MH18. Kabla ya hayo wakulima wa Malawi waliletewa mbegu chotara zenye mavuno makubwa, na wengi wakabaki na mahindi yao ya asili. Ilikuwa rahisi kusema ni ukaidi. Kumbe sababu ilikuwa kwenye kinu na ghalani. Chotara zile zilikuwa na punje laini: ukizitwanga zinapondeka pamoja na pumba, unga mweupe unapungua, ukiziweka, wadudu wanazimaliza upesi. Mama anayepima chakula kwa unga uliobaki nyumbani alikuwa na hesabu sahihi kuliko anayepima magunia shambani. Hoja yake iliposikika, zikazalishwa chotara za punje ngumu zaidi, zikatolewa mwaka 1990. Miaka mingapi ingeokolewa kama angeulizwa mapema!

Hapa hapa Dowa, kule Chisepo, miaka ya 1990 Sieglinde Snapp na wenzake wa taasisi ya utafiti wa kilimo ya ICRISAT walijaribu njia ya kumshirikisha mkulima mapema. Jaribio kubwa, lenye mbinu zote za kurutubisha udongo, liliwekwa katikati ya kijiji; kisha kila mkulima akachukua mbinu chache alizozipenda, akazijaribu shambani kwake kando ya kilimo chake cha kawaida. Watafiti walikuwa wakiwaza rutuba ya udongo. Wakulima walitaka rutuba pia, lakini iliyo na kitu cha kutia chunguni, ndiyo maana karanga na mbaazi zikapendwa. Wao pia ndio wanaojua kwamba mbaazi hukomaa mahindi yakiwa yamekwisha kuvunwa, wakati mbuzi wamefunguliwa.

Sasa fikiria sisi. Kambi hii ya wakimbizi ya Dzaleka ilifunguliwa mwaka 1994 kwa ajili ya watu kama 10,000. Leo tumezidi 50,000, na sheria inatutaka tuishi humu humu. Anayelima anakodi kipande kwa wenyeji, aghalabu kwa msimu mmoja. Mwambie mtu huyo apande kitu kitakachoponya udongo baada ya miaka mitatu, atakusikiliza kwa adabu, kisha atapanda mahindi. Ardhi ikinawiri, mwenyewe anaweza kuichukua au kupandisha kodi. Kwa anayekodi, karanga za msimu mmoja zina maana, na hata mapatano ya kukodi miaka miwili yanastahili kujaribiwa kama mnavyojaribu mbegu. Nakuandikia kwa uchungu, kwa sababu orodha za wakulima huanzia kwa wenye ardhi, na mpangaji hata akilima kila mwaka jina lake halimo.

Basi waombe walimu wako mpite huku kabla hamjapanga jaribio. Msije asubuhi, wanawake wengi watakuwa wamekwenda ganyu, yaani vibarua. Njooni saa kumi jioni, wakisharudi, na mwanzie kwa wale wanaokodi. Nitawakusanya mwenyewe.

Shangazi yako akupendaye