Almasi Iliyo Ardhini

Wakutanapo wenye hisa wa kampuni ndogo zitafutazo almasi, hukumbushana habari za Dia Met ya Kanada. Mwezi wa Novemba 1991 kampuni hiyo na mshirika wake, BHP, zilitangaza kwamba kilo 59 za mwamba kutoka Lac de Gras zilitoa almasi 81 ndogo ndogo. Bei ya hisa ilipaa. Makampuni mengine yakakimbilia kuweka vigingi jirani, na watu wakanunua hisa zake, kana kwamba jirani wa tajiri naye ni tajiri.

Lakini ardhi haisikilizi maneno ya wanunuzi. Mgodi wa Ekati ulifunguliwa mwaka 1998, na majirani walio wengi hawakupata mgodi kamwe.

Anunuaye hisa ya mtafutaji hanunui almasi, hununua matumaini. Basi mume na mke, kabla ya kuuliza faida itakuwa kiasi gani, na waulizane: fedha hii ikipotea, karo ya watoto italipwa na nini? Usiache mbachao kwa msala upitao.