Neno Hifadhi

Mjukuu wangu, mwaka 2004 nilikuwa na kibanda cha kupiga chapa pale Mwenge, Dar es Salaam. Ukurasa mmoja shilingi 500, na chumba kizima kikinuka wino wa printa uliopata moto, vumbi la barabarani na mihogo ya kukaanga ya jirani. Mpiga chapa wangu alikuwa mama wa makamo, uso mtulivu, vidole vyepesi kama vya msusi. Kiingereza hakukijua, amri za kompyuta alizikariri kwa kuhesabu, ya nne kutoka juu, ya pili kutoka chini, na kila lilipokuja toleo jipya la programu ilimbidi aanze kuhesabu upya.

Siku hizo wakubwa walikuwa wakigombea kompyuta za dunia. Windows ya Microsoft ilikwishatawala meza za maofisini. Upande wa pili ilikuwepo Linux, aliyoianza Linus Torvalds mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki, ikitolewa bure, na yeyote ruksa kuifumua na kuishona upya. Ruhusa ya namna hiyo ndiyo iliyotufikia sisi. Watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi wa KiLinux, waliichukua OpenOffice, nayo programu huria, ya kuandikia hati, wakaitafsiri kwa Kiswahili. Desemba ile ikatoka Jambo OpenOffice. Mwaka huohuo Microsoft nao wakatangaza kuzitia programu zao Kiswahili. Nilipoipakia Jambo, mama akasogeza kiti, akasoma kwa sauti: Faili, Hariri, Hifadhi. Akanyamaza, kisha akasema, "Kumbe miaka yote hii nilikuwa nahifadhi."

Hatukudumu nayo. Wateja walileta disketi zenye hati za programu waliyoizoea makazini, tukizifungua majedwali yanavurugika, na baada ya miezi michache tukarudi tulikotoka. Ndipo nilipoelewa kwamba ubora wa programu peke yake hauamui mashindano yale. Anayeyashika mazoea ya watu ndiye anayelishika soko. Leo kiini cha Linux kimo ndani ya Android, kwenye simu yako hiyo, na Kiswahili inakijua. Fungua mipangilio uone umeiweka lugha gani, kisha umkumbuke mama yule aliyekuwa akihesabu.