Jina kwanza, jembe baadaye

Tangu mvua za Novemba ninajifunza kulima kwa nkambo, mama wa baba yangu, hapa Lubumbashi. Majani yanafika kiunoni, na katikati kuna kichuguu kirefu kuliko nyumba. Udongo wake una rutuba, humo nimepanda maboga.

Kabla sijang'oa mmea, nkambo anauliza jina lake. Lengalenga iliyojiotea, kwake bondwe, inabaki. Matembele, kwake kalembula, yanabaki. Kisicho na jina ni magugu. Saussure anatufundisha kwamba sauti na maana vimeunganishwa na mapatano tu. Sawa, lakini mapatano hayo ndiyo yanatulisha.

Juzi aliushika mmea mmoja kwa muda mrefu, jina halikuja. Nimeuzungushia vijiti. Kila asubuhi anaupitia, anaunusa, ananyamaza.