Kinanda cha Baba na namba 12

Samahani wasomaji kwa kimya cha wiki tatu. Nilikuwa nyumbani Kivaa, na kazi iliyonikalisha huko haikuwa ya ofisi.

Baba ameongoza kwaya ya kanisa letu tangu sijazaliwa, na mwaka huu ameamua kupumzika. Kabla ya kuachia wengine alitaka nyimbo zake kumi zirekodiwe. Tatizo ni kwamba kinanda chake cha umeme cha miaka ya 1970, chenye mbao pembeni, kiliharibika miaka minne iliyopita, na fundi aliyekichukua hakukirudisha mpaka leo. Tangu hapo kwaya inaimba bila ala.

"Wewe si ulisomea kompyuta?" akaniuliza. "Nirudishie ile sauti."

Kwa programu za siku hizi niliona ni kazi ya jioni moja. Nikaunda sauti kwa mawimbi ya msumeno, nikaunganisha kipakatalishi na spika ya kanisa. Akina mama wakaimba beti mbili, wakanyamaza. Mmoja akasema hiyo ni sauti ya simu. Baba hakusema kitu, na hilo ndilo lililoniuma.

Kosa langu la kwanza ni la kila mtu: nilidhani joto la sauti ni kuondoa ukali. Nikaweka kichujio, nikakata masafa ya juu. Ikawa kama mtu anayeimba ndani ya blanketi. Makali yalitoka, baridi ikabaki palepale.

La pili lilikuwa la hesabu, nivumilie kidogo. Kompyuta yangu ilitoa sampuli 44,100 kwa sekunde, kwa hiyo haiwezi kubeba mitetemo inayozidi nusu ya hapo, yaani 22,050. Sasa wimbi la msumeno lina ndugu wengi juu yake: ukipiga nota ya mitetemo 3,000, ndani yake kuna 6,000, 9,000, na kuendelea. Ndugu wa nane ni 24,000. Hana pa kwenda, basi anakunjwa na kurudi chini akiwa 20,100. Wa kumi na nne, 42,000, anarudi akiwa 2,100, chini ya nota yenyewe! Hao waliorudi hawana undugu tena na wimbo. Sikio halitajua kuwataja, litasema tu "simu". Dawa ipo: njia iitwayo PolyBLEP, inayolainisha ile kona kali ya msumeno. Ni mistari michache ya msimbo, na hupunguza uchafu huo sana.

Akina mama wakakubali kuimba. Baba bado kimya.

Siku ya tatu Mama akatoa kaseti ya zamani ya kwaya kutoka kwenye sanduku la vitenge. Nikaiingiza kwenye kompyuta, nikapima nota moja moja. Mkanda wa kaseti huweza kukimbia au kuchelewa, lakini nota zinazolia pamoja husogea pamoja, kwa hiyo nilitazama tofauti kati yao. G zote, za chini na za juu, zilikuwa chini kwa senti 11 hivi (senti 100 ni nusu-toni moja). B zote zilikuwa juu kwa 6.

Kwa nini G zote? Hapo nikakumbuka jinsi vinanda vya transista vilivyojengwa. Vingi vilikuwa na osileta 12 tu, moja kwa kila nota. Kisha saketi iligawanya mitetemo kwa 2, na tena kwa 2, kupata oktava za chini. Osileta ya G ikiteleza kwa uzee au kwa joto la mchana, G zote humfuata. Programu nyingi za "analogi" hutikisa kila sauti kivyake bila mpango. Hiyo ni tabia ya mashine nyingine, kama Prophet-5 ya 1978, ambayo kila moja ya sauti zake 5 ilikuwa na osileta zake. Kinanda cha kanisa hakikuwa hivyo.

Nikafuta nilichokuwa nimeandika, nikaweka jedwali la namba 12. Kila namba inateleza polepole, senti moja au mbili kwa dakika kadhaa. Mwishoni nikapitisha sauti yote kwenye tanh, hesabu inayobana vilele taratibu badala ya kuvikata. Ghafla umeme ukapotea, nasi ni majirani wa mabwawa ya mto Tana! Nikamalizia kwa betri.

Jumamosi nikapiga. Oktava zilitulia kama jiwe, lakini nota tatu zikilia pamoja zilipumua. Baba akainua mkono.

"Karibu sana. Lakini ile G ya chini ilikuwa inakwaruza kabla ya kulia."

Nikamweleza kwa heshima kwamba hiyo ilikuwa hitilafu, vumbi au kutu chini ya kibonye.

"Najua, mwanangu. Lakini hawa wakisikia huo mkwaruzo ndipo wanavuta pumzi."

Nikaweka mkwaruzo wa milisekunde 15, kwenye G ya chini peke yake. Akaubonyeza mara moja. Akina mama wote wakavuta pumzi pamoja, kabla hata hajawaangalia.

Tumerekodi nyimbo nane. Mbili zinangoja umeme urudi.